Msimkamate muokota skrepa

Wadau, mnakumbuka sakata la kamba wa Indonesia? Nazungumzia kamba wa baharini, wale wa kukaanga na kitunguu saumu. Agosti 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu wake wasile kamba fulani wa kugandishwa waliokuwa wakiuzwa kwenye maduka ya Walmart. Tatizo halikuwa kuoza. Lilikuwa mionzi. Makontena ya mzigo ule yalikutwa na sesiamu-137 kwenye bandari nne: Los Angeles, Houston, Savannah na Miami. Mwezi uliofuata ikaja sampuli ya karafuu, nayo ya Indonesia. Karafuu jamani! Sijui wazee wetu wa Pemba walizipokeaje habari hizo, ila nahisi kuna mtu alitabasamu kwa siri.

Kusema kweli kiasi kilichopimwa kwenye kamba kilikuwa kidogo, bekereli 68 kwa kilo, wakati Wamarekani hao hao huanza kuhangaika kikifika 1,200. Aliyekula sahani moja hakuwa na haja ya kuandika wosia. Kilichonifanya nikae kitako ni swali jingine: hiyo sesiamu ilimfikiaje kamba? Pale hapakuwa na kinu cha nyuklia wala bomu.

Jibu likapatikana Cikande, eneo la viwanda magharibi ya Jakarta. Jirani na wenye kamba kulikuwa na kiwanda kinachoyeyusha chuma chakavu. Sesiamu ikaingia kwenye tanuru, ikatoka na vumbi, na vumbi halina adabu ya kuheshimu ukuta wa jirani. Wapimaji wakakuta viwanda 22 vimechafuka, na wafanyakazi 9 wakakutwa nayo mwilini.

Dunia nzima ikaisoma kama habari ya chakula. Mimi nimeisoma kama habari ya skrepa. Na kwa kuwa hapa kwetu kila habari ya skrepa ni habari ya wizi wa mifuniko ya mitaro na vyuma vya barabarani, naomba leo nishushe nondo kidogo. Nondo zenyewe, zile za kujengea.

Tuanzie Ciudad Juárez, Mexico, mji ulio mpakani kabisa na Marekani. Mwaka 1977 hospitali moja ya binafsi ilinunua mashine ya kutibu saratani iliyokwisha tumika huko Marekani. Mitumba, kama tunavyoijua sisi. Ndani yake kulikuwa na kobalti-60, vipunje zaidi ya 6,000, kila kimoja na upana wa milimita 1 hivi, yaani kama punje ya ulezi. Hospitali ikagundua kwamba haina mtaalamu wa kuiendesha. Basi, wakaisukumia stoo. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyetibiwa nayo. Ikakaa humo miaka 6, ikila vumbi.

Desemba 1983 mfanyakazi wa matengenezo wa hospitali hiyo akaipakia sehemu yenye kobalti kwenye pikapu na kuipeleka yadi ya skrepa. Njiani alikuwa ameshaichokonoa, vipunje vikamwagika kwenye bodi la gari. Alilipwa pesa isiyozidi sana dola 10. Pikapu yenyewe ikaharibika na kuegeshwa mtaani kwao kwa wiki kadhaa, watoto wakipanda na kushuka humo kama watoto wa mahali popote.

Kule yadi kulikuwa na kreni ya sumaku. Kobalti nayo hunaswa na sumaku kama chuma. Kwa hiyo kila kreni ilipoinua mzigo, vipunje vikapanda navyo na kudondoka huku na huku, vikachanganyika na vyuma vingine, vikapakiwa kwenye malori, vikaenda kwenye matanuru. Kiwanda kimoja kikatengeneza nondo. Kingine kikatengeneza miguu ya meza za migahawa. Nondo zikafika takriban tani 6,000.

Mexico yote hakuna aliyejua. Tarehe 16 Januari 1984 lori lenye nondo likapita karibu na geti la maabara ya Los Alamos, jimbo la New Mexico. Ndiyo, Los Alamos ile ile ya bomu la atomu. Maabara ilikuwa na vipimo vya mionzi vilivyowekwa kwa ajili ya shughuli zake yenyewe, wala si kwa ajili ya wajenzi wa Mexico. King'ora kikalia. Yaani katika maelfu ya kilomita za barabara za Marekani, lile lori likapita palepale penye masikio! Lingepita njia nyingine, huenda watu wangekuwa wanalea watoto ndani ya nyumba zile mpaka leo.

Maana nyumba zilishajengwa. Serikali ya Mexico ikapita kwenye majengo 17,636 na vipimo mkononi. Nyumba 814 zikabainika kuwa na nondo zenye mionzi ya kiasi cha kubomolewa, nyingine zote, nyingine sehemu. Hebu fikiri wewe umejinyima miaka kumi, umejenga kibanda chako, halafu anakuja mtu wa serikali na kidude kinacholia tik-tik-tik ukutani anakwambia ubomoe. Hukuiba. Hukununua nondo za magendo. Umenunua dukani na risiti unayo.

Wengine hata bahati ya kubomolewa mapema hawakuipata. Huko Taiwan majengo yaliyosimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalikuwa na nondo za kobalti, na wakaaji hawakuja kujua mpaka 1992. Si jengo moja wala mawili, ni zaidi ya 100, pamoja na shule. Watu walilala, wakaamka, wakasherehekea sikukuu, miaka karibu kumi, kuta zikiwamulika usiku na mchana.

Na msidhani ni mambo ya zama za redio ya mbao. Mwaka 2008 Ufaransa waligundua vitufe vya lifti vyenye kobalti-60. Chuma kilitoka India. Vitufe vya lifti, ndugu zangu, kitu unachokigusa kwa kidole kila asubuhi ukienda kazini.

Hapa niweke sayansi kidogo, kwa ufupi, maana nilipata shida kuielewa mpaka niliposoma mara ya tatu. Chuma kikiyeyuka, joto linapita nyuzi 1,500. Kobalti inapenda chuma, kwa hiyo inayeyuka nacho na kutulia ndani yake, imesambaa sawasawa kama chumvi kwenye maharage. Huwezi kuichambua tena. Sesiamu ni kinyume chake, inachemka kabla hata ya nyuzi 700, kwa hiyo inageuka mvuke, inapanda na moshi, inakwama kwenye vumbi la machujio ya bomba au inatoka nje kabisa. Ndiyo maana Juárez tatizo lilikuwa nondo, na Cikande tatizo likawa kamba wa jirani. Kobalti inapungua nguvu nusu kila baada ya miaka 5 na miezi kadhaa. Nondo ya Juárez iliyosahaulika mahali leo hii imebaki na chini ya asilimia 1 ya makali yake ya mwanzo. Sesiamu inachukua miaka 30 kupungua hiyo nusu moja.

Mwenye akili zake atasema: si waweke vipimo getini, lori likija na mionzi king'ora kilie? Wanaweka. Viwanda vikubwa vya Ulaya vimeweka zamani. Kiwanda cha Acerinox, kusini mwa Hispania, kilikuwa navyo mwaka 1998. Mwishoni mwa Mei mwaka huo sesiamu ikapita getini kimya, ikaingia kwenye tanuru. Kilichotokea ni kwamba vyanzo hivi huwekwa ndani ya ganda nene la madini ya risasi, makusudi, ili lizuie mionzi isimdhuru mtumiaji. Na ganda linalomlinda mtumiaji linakificha chanzo kisionwe na kipimo, hasa kikiwa kimefunikwa na tani 20 za vyuma vingine. Walioona kwamba kuna jambo ni pamoja na wapimaji wa hewa wa Ufaransa, Uswisi, Italia na Ujerumani, waliokuta sesiamu kwenye machujio yao wakaanza kuulizana imetoka wapi. Hasara ilifika takriban dola milioni 26 kwa usafi na uzalishaji uliosimama.

Kwa hiyo geti lenye king'ora ni zuri, nalitaka hata hapa kwetu, ila kitu kikifika getini ujue watu watano, sita, kumi wameshakishika. Na hao ndio ninaotaka kuwazungumzia.

Nimesoma kisa baada ya kisa nikaona kitu kinachojirudia mpaka kinaudhi. Habari huanza hivi: "wezi wawili waliingia...", "muokota taka mmoja asiyejua kusoma...", "fundi mjinga alifungua...". Mhusika mkuu siku zote ni maskini na kosa lake siku zote ni ujinga. Rudisha mkanda nyuma dakika tano tu uone mashine ilikuwa wapi kabla ya huyo maskini kuigusa.

Juárez: stoo ya hospitali, miaka 6.

Goiânia, Brazil, 1987: kliniki ya mionzi ilihama jengo ikaacha mashine yenye sesiamu nyuma, jengo likabaki gofu, wenyewe wakibishana mahakamani. Vijana wawili walipoingia Septemba mwaka ule, mlango wa kuwazuia haukuwapo.

Samut Prakan, jirani na Bangkok, mwaka 2000: kampuni ilihamishia mashine kuukuu za kobalti kwenye eneo la kuegeshea magari. Waokota vyuma wakakuta. Watu 10 wakalazwa, 3 wakafa.

Delhi, 2010: hii ndiyo inanikera kuliko zote, kwa kuwa waliohusika ni wasomi. Chuo Kikuu cha Delhi kilikuwa na mashine ya utafiti yenye kobalti-60, haijatumika tangu 1985. Profesa wake alistaafu, chumba kikafungwa. Miaka 25 baadaye chuo kikafanya usafi, kikaandaa mnada, kikaiuza mashine kama skrepa. Kwa mnada! Na karatasi zilisainiwa. Kule Mayapuri, soko kubwa la vyuma chakavu la mji ule, wafanyakazi wakaikata vipande. Mfanyabiashara mmoja alitembea na kipande kwenye pochi yake. Mfanyakazi mmoja akafa, wengine wakaungua na kulazwa. Jiulize, kati ya msomi aliyepiga muhuri kwenye hati ya mnada na kijana aliyeshika msumeno, mjinga ni yupi?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaonirarua kwenye maoni: muokota skrepa ni mtu wa mwisho kulaumiwa, na ndiye wa kwanza tunayepaswa kumfanya rafiki. Sisi Afrika Mashariki tunafanya kinyume kabisa.

Pita Dar mchana wowote utakutana naye. Ana guta au mkokoteni, ana mizani ya kuning'iniza, shati limeloa jasho. Ananunua betri mbovu, mabati, rejeta, feni iliyokufa, mabomba, na anauza kwa mwenye yadi, mwenye yadi anauza kwa tajiri mwenye lori, lori linaenda kiwandani, kiwanda kinatoa nondo na vyuma vya madirisha. Ghorofa nyingi tunazopiga nazo picha zina jasho lake ndani. Lakini kwenye macho ya mgambo na polisi huyu ni mwizi ambaye hajakamatwa bado. Kenya ndugu zetu wana sheria yao ya chuma chakavu ya mwaka 2015, na ukiisoma utaona imeandikwa na watu wenye mawazo ya wizi vichwani. Januari 2022 nguzo za umeme wa msongo mkubwa zilianguka, nchi ikaingia gizani, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara nzima ya skrepa. Ilipofika Mei ikafunguliwa tena. Sibishi kwamba wizi wa nguzo upo, tena unaua. Ila zile siku mia moja hivi skrepa haikutoweka nchini. Ilijificha tu.

Na kitu kinachojificha hakipimwi.

Sasa mtu atauliza, hivi hivyo vyanzo vya mionzi hapa kwetu vipo? Vipo, tena vinafanya kazi njema, sitaki mtu atoke hapa akiogopa hospitali. Pale Ocean Road mashine za kobalti zilitibu wagonjwa wa saratani kwa miaka mingi kabla ya zile mpya za umeme kuletwa 2018. Makandarasi wa barabara wana kile kipimo cha kukagua kama udongo umeshindiliwa vya kutosha, kinachobebwa kwenye sanduku la njano. Ndani yake kuna sesiamu na amerisiamu. Viwanda vina vipimo vya kuangalia ujazo kwenye matangi na mabomba. Migodini vipo. Vyote vinatakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2003. Kenya wana mamlaka yao iliyoundwa kwa sheria ya 2019.

Wasiwasi wangu hauko siku mashine inapofunguliwa, na utepe ukakatwa, na waziri akapiga picha. Uko siku inapozeeka. Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Mulago, Kampala, iliyokuwa ya pekee ya aina yake Uganda nzima, ilikufa. Habari zikatikisa Afrika Mashariki yote, na ilikuwa haki, kwani wagonjwa walikaa karibu miaka miwili bila tiba ile nchini mwao. Lakini kwenye magazeti niliyoyasoma, swali la mashine kuukuu inakwenda wapi lilikuwa mstari mmoja chini kabisa, kama lipo. Hakuna mwanasiasa anayekata utepe wa kuzika mashine. Bajeti ya kununua ina wazee wa kuipigania. Bajeti ya kutupa haina hata mjomba.

Na mkandarasi je? Kampuni inapata tenda ya kilomita 60, inaleta vifaa, inafilisika katikati, mali zinapigwa mnada, sanduku la njano likiwa kwenye kontena pamoja na majembe na matairi. Hapo ndipo Juárez inapoanza.

Nina mambo mawili ninayoyataka, na yote ni ya pesa, maana mahubiri ya usalama tumeyasikia sana.

La kwanza limetoka kwenye soda. Mmesahau enzi za chupa? Ukienda dukani bila chupa tupu unaweka pesa ya chupa. Ukirudisha chupa unarudishiwa pesa yako. Mtoto wa miaka saba analijua hilo, na ndiyo maana ilikuwa shida kuiona chupa ya soda imetupwa jalalani. Kreti ya soda ina utaratibu wa kurudi nyumbani kuliko mashine ya kobalti! Basi anayetaka kuingiza chanzo cha mionzi nchini, awe hospitali, chuo, mgodi au mkandarasi, aweke amana benki siku ile ile anapopewa kibali, kiasi cha kutosha kukirudisha kwa mtengenezaji au kukihifadhi kwenye ghala la Tume. Akifilisika, amana ipo. Ufaransa wana kitu cha namna hii: msambazaji anawajibika kukichukua chanzo kikizeeka, na miaka 10 ndiyo kipimo cha kawaida. Hospitali za serikali mtasema hazina pesa ya amana. Sawa, iwekwe ndani ya mkopo au msaada uleule unaoleta mashine. Mfadhili anayetupa mashine bila tiketi yake ya kurudi ametupa nusu ya zawadi.

La pili ndilo litakalozua ugomvi. Yadi na viwanda viwe na vipimo, na kipimo kikilia, aliyeleta mzigo alipwe. Ndiyo, alipwe. Kwa uzito ule ule kama chuma cha kawaida, na kidogo juu yake. Asiulizwe kitambulisho kwa sauti ya kituo cha polisi. Aulizwe tu alikipata wapi, na atajibu, kwa sababu hajafokewa.

Angalieni hesabu yake. Amebeba kilo 40 za kitu kizito cha ajabu, amekilipia, pengine kwa pesa ya kukopa. Geti likilia na akajua kifuatacho ni kunyang'anywa mzigo na kulala ndani, kesho yake kila mwenye guta mjini atakuwa amesikia. Kesho kutwa kitu cha ajabu hakitapelekwa getini. Kitapasuliwa kwanza uani, watoto wakitazama, ili risasi iuzwe peke yake na chuma peke yake. Au kitatupwa mtoni Msimbazi usiku. Wahispania, baada ya kuungua na Acerinox, walikaa mezani mwaka 1999, serikali, wenye viwanda, wafanyabiashara wa skrepa na vyama vya wafanyakazi, wakaandikiana makubaliano ya nani anapima, nani anapigiwa simu na nani anakichukua kikipatikana. Hawakuanza na pingu.

Na alama nazo tuziangalie upya. Ile ya zamani ya mionzi, mapanga matatu meusi kwenye njano, kwa asiyefundishwa ni feni. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lililijua hilo, ndiyo maana mwaka 2007 likatoa alama mpya nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia, baada ya kuijaribu kwa watu wa nchi 11, Kenya ikiwemo. Ni nzuri, hata asiyejua kusoma anaielewa. Lakini inabandikwa kwenye vyanzo vikubwa, tena karibu na chanzo chenyewe, na mashine kuukuu zilizotengenezwa kabla yake hazina. Picha zake zibandikwe kwenye kila yadi, karibu na mizani, pamoja na namba ya simu ya bure. Na anayepokea simu awe macho usiku, na aongee Kiswahili cha kawaida.

Nasikia mtu anasema: ukimlipa aliyeleta kitu cha mionzi, umelipa mwizi, na wezi wataanza kuvamia hospitali kutafuta mashine. Mlinzi alindaye hospitali halipwi na mimi, lakini nijibu hivi. Kwanza, wa Delhi hakuiba, aliuziwa. Wa Bangkok walikuta kwenye eneo la wazi. Pili, malipo ninayosema ni bei ya skrepa, si bahati nasibu. Hakuna mtu atakayevunja chumba cha zege kwa faida ya elfu tano. Tatu, tuchukulie kweli mmoja kati ya kumi ni mwizi. Mimi niko tayari kumlipa huyo mmoja bei ya kilo zake kuliko kumwacha aufungue mzigo kwa nyundo uani kwa watu.

Na mwenye shaka kwamba watu wa yadi wanaweza kuaminiwa, arudi Goiânia. Vijana wale wawili waliiuza ile mashine kwa mwenye yadi, na mwenye yadi akaona unga unaong'aa bluu gizani, akafurahi, akawagawia ndugu na marafiki. Watu wakaanza kutapika na kuharisha. Madaktari waliwaona wakadhani ni chakula. Aliyeunganisha mambo ni mke wa mwenye yadi. Hakuwa na kipimo wala digrii. Aliona tu kwamba wagonjwa wote wamekigusa kitu kile. Tarehe 28 Septemba 1987 yeye na mfanyakazi mmoja wakakitia kwenye mfuko, wakapanda basi la abiria, wakakipeleka kwa watu wa afya, akamwambia daktari kwamba hiki ndicho kinachoua watu wangu.

Daktari akakiacha mezani kwa muda, kisha akakitoa na kukiweka kwenye kiti uani. Kesho yake ndipo mwanafizikia mmoja alipoazima kipimo cha watafiti wa madini, akakiwasha akiwa bado mbali, mshale ukagonga mwisho. Akadhani kipimo kibovu, akaenda kuazima kingine. Aliporudi akakuta wazima moto wameshaitwa, wako tayari kuubeba mfuko kwenda kuutupa mtoni, akawazuia.

Baadaye watu 112,000 walipangwa foleni kwenye uwanja wa mpira kupimwa, 249 wakakutwa wamechafuka. Wanne walikufa mwezi uliofuata: wafanyakazi wawili wa yadi, mtoto wa miaka 6, na yule mama aliyepanda basi.